Kuaga kwa Tikiti

Zipo meli za anasa ambazo hufungisha ndoa siku ile ile zinapong'oa nanga. Meli ingali imefungwa gatini, abiria wa safari wanapanda na mizigo yao, na pamoja nao hupanda wageni wa harusi ambao hawasafiri. Majina ya wageni hao yamekwisha kuandikwa mapema, vitambulisho vyao vimekaguliwa, saa ya kuingia na saa ya kutoka zimetajwa. Ndoa hufungwa kwa sheria ya bandari, kwa kuwa meli iliyo gatini ingali chini ya mamlaka ya nchi, na mfungishaji hutoka mjini na kurudi mjini. Hupigwa picha, hukatwa keki, watu hutakiana heri, kisha sauti hutangaza kwamba wasiosafiri washuke. Wanashuka. Ngazi inavutwa. Maharusi wanabaki juu na bahari yao, jamaa wanabaki chini na mikono yao hewani.

Wapo wasioridhika na hilo, wakataka nahodha mwenyewe awafungishe katikati ya maji. Kwa watu wa namna hiyo bendera ya meli ina uzito kuliko mapambo yake. Kampuni kongwe ya Cunard ilipohamisha usajili wa meli zake tatu kutoka Southampton kwenda Hamilton, Bermuda, mwaka 2011, mojawapo ya faida zilizotajwa ilikuwa hiyo: bendera ya Uingereza haikumpa nahodha uwezo wa kuozesha, na ya Bermuda ilimpa.

Msomaji wa visiwani huenda akayasikia haya akatabasamu, akayahesabu kuwa ni mambo ya watu wenye fedha za kuchezea na wakati wa kupoteza. Asifanye haraka. Meli hiyo imekwisha kupanda mlima. Mji wa Mbeya uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500, ukingoni mwa genge linaloitazama mito na mashamba ya chini. Hakuna chombo cha bahari kitakachofika huko hata kwa gharika. Lakini adabu za chombo hicho zimefika zote: orodha mlangoni, tikiti zenye madaraja, saa iliyopimwa, sauti ya kukodiwa inayowaamuru watu wakae, wasimame, wacheke na washuke. Kilichobaki bandarini, kisifike juu, ni kile kitu kimoja ambacho meli hata ikiwa ya anasa namna gani haiwezi kukikwepa, nacho ni kuondoka kwenyewe. Safari hiyo isiyo na maji inaitwa sendofu.

Kwa asiyepata kuhudhuria, sendofu ni karamu ya upande wa binti. Hufanywa siku chache kabla ya harusi, ambayo ndiyo karamu ya upande wa mume, na hutanguliwa na kicheni pati ya wanawake, na kabla ya hapo posa na mahari. Jina limetoka katika Kiingereza, ila karamu yenyewe haikutoka kwa Waingereza, na anayewalaumu wazungu kwa sendofu anamlaumu jirani kwa moto aliouwasha mwenyewe. Ni zao la miji ya Tanzania Bara. Nyanda za Juu Kusini zililipokea, zikalitia mbolea kama zinavyoyatia mahindi yao, likasitawi.

Mhimili wake ni kamati. Huteuliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hukaa vikao juma baada ya juma. Huandikwa bajeti ya ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, muziki, picha za video, magari na tarumbeta. Kisha huchapwa kadi za mchango, hugawanywa kwa jamaa, majirani, wafanyakazi wenza, na watu ambao mwana kamati amekutana nao mara mbili tu maishani. Kila apokeaye huandika ahadi. Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, M-Pesa ikiwa imeingia Tanzania mwaka 2008, hakuna tena udhuru wa kusema nilikuwa mbali. Na tangu makundi ya WhatsApp yalipozagaa, orodha husomeka na wote: aliyelipa jina lake hupambwa kwa alama, ambaye hajalipa jina lake hubaki uchi. Anayetimiza kiwango hupewa kadi ya mwaliko, singo ya mtu mmoja au dabo ya wawili. Asiyetimiza hupewa pole, au hapewi kitu.

Chukulia shangazi wa bibi harusi. Anatoka Makete, amepanda basi alfajiri, akapita baridi ya Kitulo, akashuka Mbeya mchana na debe mbili za viazi alivyovilima mwenyewe na kitenge kipya alichokikunja katika mfuko. Viazi havikuandikwa katika daftari la mweka hazina, kwa sababu mpishi wa kukodiwa huja na viazi vyake. Jioni shangazi anafika ukumbini. Mlangoni amesimama kijana aliyevaa suti inayofanana na suti za vijana wengine watano, naye si kijana mbaya, amelelewa, anajua umri unapomjia. Anasema, "Shikamoo, mama. Naomba kadi."

Katika pumzi moja mna heshima na kizuizi. Lugha ya Kiswahili imekaa karne nyingi ikiitengeneza shikamoo kuwa mlango unaofunguka, na sasa imepangiwa kazi ya bawabu. Ni kweli kwamba mara nyingi mtu wa ndani huitwa, hunong'onezwa, na shangazi huingizwa akawekwa kiti cha nyuma karibu na spika. Lakini ameingizwa kwa hisani. Katika kuagwa kwa binti ya kaka yake, yeye ambaye kwa mila ndiye aliyestahili kumshika mkono na kumtoa, ameingia kwa hisani ya watu waliochanga.

Watetezi wa kadi wana jibu lao, na ni jibu la kusikilizwa. Wanasema mchango ndio ujamaa wenyewe. Watu wa Iringa na Njombe tangu zamani walilima kwa mgowe, wakaitana shamba kwa shamba na kumaliza siku kwa pombe ya pamoja. Wanyakyusa hawakuacha msiba wala harusi ya jirani ikapita bila kubeba kitu. Kadi, kwa maneno yao, ni mgowe uliohamia mjini ukavaa viatu.

Hoja hiyo ingesimama lau mgowe ungekuwa na singo na dabo. Katika mgowe mwenye jembe zuri alikuja na jembe zuri, mwenye jembe bovu akaja na jembe bovu, kizee akaja kuimba na mtoto akaja kubeba maji, na jioni kata ya pombe haikuuliza nani kalima matuta mangapi. Kiwango hakikutangulia kualikwa. Hata mahari, ambayo ina ukali wake, ilikuwa na mantiki ya kufunga watu pamoja. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa urefu jinsi ng'ombe walivyozunguka katika jamaa, waliokuja kwa ajili ya dada wakamuolea kaka, na kila aliyepokea sehemu akawa amepokea na wajibu. Ng'ombe alikuwa uzi. Kadi ya mchango haifungi kitu zaidi ya deni la kadi nyingine: wewe ulinichangia kiasi hiki, nami nitakuchangia kiasi hicho, na daftari likifungwa hakuna aliye shangazi wala mjomba, wapo wadai na wadaiwa tu.

Wala sheria haikumlazimisha mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka taarifa ya siku 21, mashahidi wasiopungua wawili na hiari ya wanaooana, na inasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari au ya kupeana zawadi haikutimizwa. Siku 21 na watu wawili! Kamati hutaka miezi sita na watu mia tatu. Sheria hiyo ina aibu yake pia, maana iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa hali mvulana anangoja 18, jambo ambalo Mahakama Kuu ililiona kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hilo linatajwa hapa ili asije mtu akadhani kwamba inatetewa zamani kwa uzamani wake. Harusi nyingi za zamani katika milima ile zilimuaga binti ambaye hakuulizwa anakwenda wapi. Na kwa upande huo sendofu ina sifa yake, isiyofaa kudhulumiwa: imemweka binti mbele, katika kiti cha juu, jamaa yake wakamshangilia yeye na si ng'ombe wake. Baba aliyemsomesha binti hadi chuo kikuu anataka mji ujue, naye ana haki.

Basi ubaya uko wapi? Uko katika dakika tatu.

Anayehudhuria sendofu ya Mbeya au ya Iringa aitazame saa yake. Bibi harusi ataingia saa mbili za usiku, au saa tatu, kwa mwendo uliofanyiwa mazoezi, nyuma ya wasichana waliovaa sare. Kuingia huko kutachukua nusu saa. Utambulisho wa kamati, mmoja mmoja, na kila mmoja akipunga mkono, utachukua muda kama huo. Keki italetwa, itahesabiwa moja mpaka tatu, itakatwa, italishwa kwa baba, mama, na wale waliochangia zaidi. Mbuzi mzima aliyechomwa, anayeitwa ndafu, ataingia amevaa majani mdomoni, naye atachezewa muziki wake. Zawadi zitapita kwa foleni ya kucheza. Chakula kitakuja. Na mahali fulani, kati ya chakula na zawadi, wakati watu wanatafuta vijiti vya meno, mshereheshaji atasema kwamba sasa ni nasaha kutoka kwa wazee, wazee wawili tu, dakika tatu tatu, maana muda si rafiki.

Mzee anasimama. Hajazoea kipaza sauti. Anakishika kama anayeshika kuku. Anaanza kwa mbali, kama wazee wote wenye jambo la kusema wanavyoanza: alikotoka babu yake, kwa nini ukoo ulihama bonde hili ukaenda lile, nani alimuoa nani hata huyu binti akapata jina alilonalo. Hajafika kwa binti bado. Lakini kila jina analolitaja ni jiwe analoliweka chini ya mguu wake binti, ili atakapofika ugenini asimame juu ya kitu. Hapo muziki unapandishwa kidogo, kwa mzaha. Watu wanacheka. Mshereheshaji anamkumbatia mzee bega, anasema, "Mzee wetu leo ametupa historia, makofi tafadhali," na kipaza sauti kimekwisha ondoka. Neno lenyewe halikusemwa.

Hili ndilo la kukasirikiwa. Pilau na magari ya kukodi yangesameheka, hata keki ya ghorofa saba ingesameheka. Kuaga ni kitendo cha maneno. Binti anayetoka kwao anaondoka na vitu vinavyohesabika, na vitu hivyo vitavunjika, vitauzwa, vitachakaa. Kisichochakaa ni aliloambiwa, na aliyemwambia, na uso wake alipokuwa akimwambia. Kumkata mzee dakika ya tatu ili apishwe mchezo wa keki ni sawa na meli kung'oa nanga kabla abiria hajapanda, kisha gatini watu wakaendelea kushangilia.

Na neno lililochukua nafasi yake ni neno gani? Wapenda lugha wajisumbue kusikiliza. Mshereheshaji hodari hulipwa vizuri, na wapo wenye kipaji kisichopingika cha kuchangamsha watu. Lakini Kiswahili chao kimekuwa kimoja tokea Tunduma hadi Tanga: pigeni makofi ya kilo, tupeane dole, mwenye wivu ajinyonge, maharusi wetu wamependeza jamani wamependezaje. Maneno hayo hayamjui binti huyu. Yalisemwa Jumamosi iliyopita kwa mwingine na yatasemwa Jumamosi ijayo. Humo ukumbini wamekaa wanawake wanaojua nyimbo za kumtoa mwali kwa Kihehe, kwa Kibena, kwa Kinyakyusa, nyimbo zinazomtaja kwa jina, zinazomtania mama mkwe asiyekuwepo, zinazomliza na kumchekesha katika ubeti mmoja. Wamekaa wanatafuna. Muziki ni wa santuri za Dar es Salaam, na wao hupewa nafasi kwa jina la "burudani ya asili", dakika tano, kama watalii wangekuwapo.

Pwani nayo isijipake mafuta. Msomaji wa Unguja au wa Lamu anayetikisa kichwa kwa huruma juu ya watu wa bara aikumbuke historia yake. Kushindana kwa karamu na ngoma kulikuwa desturi ya miji ya pwani kabla Mbeya haijawa mji. Mkomani na Langoni, pande mbili za Lamu, zilishindana kwa kizazi na kizazi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alifuata nyayo za mchezo huo kutoka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ukasafiri na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ukafika Ziwa Nyasa ukawa mganda, ambao wanakijiji wa kandokando ya ziwa wanaucheza hata leo kwa vibuyu vilivyofanywa tarumbeta. Kwa hiyo kama bara imejifunza kupita mbele za watu kwa sare na tarumbeta, mwalimu mmojawapo yu pwani. Tofauti ni kwamba beni ilichezwa na wenyewe. Waliofilisika waliifilisikia ngoma waliyoicheza kwa miguu yao, na mashairi ya kejeli waliyotupiana waliyatunga kwa vichwa vyao. Hawakukodi mtu wa kufurahi kwa niaba yao.

Na visiwa vya Ngazija je? Huko harusi kubwa, anda, imewafanya watu waliohamia Marseille waweke akiba miaka na miaka ili warudi kulisha mji na kupata heshima ya kusema barazani. Ali Soilih alipotawala Komoro, kati ya mwaka 1975 na 1978, aliipiga marufuku. Alipoangushwa, anda ikarudi. Wanaopendekeza kwamba serikali za mikoa ziweke sheria ndogo dhidi ya sendofu wangepitia Ngazija kwanza. Tena anda, pamoja na gharama zake za kutisha, ina jambo moja ambalo sendofu imelipoteza: anayeitimiza hupata haki ya kusema. Katika sendofu watu hutoa fedha ili mtu mwingine aseme.

Pwani ina kitu cha kutoa zaidi ya kejeli, nacho ni mfano wake wenyewe. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipohisi ugonjwa wake, katika mwaka 1858, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa nasaha unaozidi beti mia moja. Yapo ndani yake mafundisho ambayo wanawake wa leo wanayakataa, na wana hoja; utii kwa mume uliowekwa pale si wa kubebwa mzima mzima. Lakini ni nani anayekumbuka karamu ya harusi ya Mwana Hashima, ililiwa nini, walikuja wangapi? Limebaki neno la mama, na limebaki kwa sababu lilielekezwa kwa mtu mmoja mwenye jina. Shaaban Robert naye, mtumishi wa serikali asiye tajiri, alimwandikia binti yake utenzi wa Hati, na mtoto wake wa kiume akamwandikia Adili. Hakuchangisha.

Inasemwa kwamba si kila ukoo una mshairi. Lakini hakuna aliyetaka mshairi. Mjomba asiyejua mizani anaweza kumweleza binti siku aliyozaliwa, mvua ilivyonyesha, nani alikimbia kumwita mkunga. Bibi anaweza kusema kwa lugha yake ya Kikinga, na mjukuu mmoja akasimama pembeni akafasiri bila kuongeza utani. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji saa moja, mapema, kabla ya chakula, spika zimezimwa.

Ziko meli huko kusini, na hazifanani na zile za Bermuda. Kwa miaka mingi MV Songea na MV Iringa zilisafiri Ziwa Nyasa kutoka bandari ya Itungi, Kyela, ya pili ikiwa imebeba jina la mji usio na ziwa. Katika miaka ya karibuni imekuja MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Chini ya milima ya Livingstone, ambako magenge yanaingia majini na barabara haikupata pa kupita, meli ndiyo iliyokuwa njia kuu: Lupingu, Manda, Lundu, Liuli, Mbamba Bay. Binti wa Kyela aliyeolewa upande ule aliondoka kweli. Meli ilipita mara moja kwa juma, na ilipoharibika haikupita kabisa. Hakujua atarudi lini kumtazama mama yake. Honi ilipolia haikungoja mwenyekiti wala mweka hazina. Na wale waliokuja kumuaga, mwenye viatu na asiye na viatu, walisimama wote kwenye mchanga ule ule. Tikiti aliihitaji anayesafiri. Kusimama gatini na kupaza sauti jina la mtu hakukuwa na singo wala dabo.

Hapo ndipo meli ya anasa na meli ya Itungi zinapoachana, na hapo ndipo kamati za Mbeya na Iringa zilipochagua mfano mbaya. Zimemtoza mtu wa gatini. Anayesafiri ni mmoja tu, yule binti, na yeye peke yake ndiye asiyelipa. Wengine wote wamelipishwa nauli ya safari wasiyokwenda, na asiyeweza nauli haruhusiwi hata kupunga mkono.

Itasemwa pia kwamba sendofu inawapa watu riziki: wapishi, wapambaji, wapiga picha, wenye kumbi, washonaji. Ni kweli, na hakuna anayeomba wafe njaa. Mwenye fedha zake na ale, aalike, apambe. Mchango nao uendelee, kwa anayetaka, kimya kimya, katika bahasha isiyo na orodha. Kinachotakiwa ni kitu kidogo mno kukataliwa na kamati yenye haya: kwamba mwaliko usiwe risiti. Jamaa wa damu aalikwe kwa kuwa ni jamaa, kabla daftari halijafunguliwa, na kadi yake isiwe na bei. Kama ukumbi hautoshi, ukumbi upunguzwe mapambo, si ukoo.

Na kama mweka hazina atauliza fedha za viti hivyo zitoke wapi, ajibiwe kwa kuonyeshwa ukurasa wa mwisho wa bajeti yake mwenyewe. Huko, baada ya harusi kupita na binti kwenda kwa mumewe, kamati hukutana mara moja zaidi kwa shughuli inayoitwa kuvunja kamati. Bibi harusi hayupo. Wazee hawaalikwi. Huliwa nyama, hunywewa bia, mwenyekiti hushukuriwa, na mabaki ya michango humalizika usiku huo. Nauli ya shangazi kutoka Makete hadi Mbeya na kurudi haifiki bei ya kreti mbili za bia hiyo.